Mtoto hakui tumboni, mi nikaenda kupima homoni

Mi ni fundi cherehani, nashona nguo za wanawake huku Mbagala, futi haitoki shingoni tangu nina miaka kumi na tisa, kwa hiyo naanzia kwenye futi. Mimba yangu ya kwanza nilikuwa najipima tumbo kila Jumapili jioni, sio kwa udaktari wowote, nilikuwa najishonea madera na nilitaka kujua niachie kitambaa kiasi gani. Wiki ya 24, inchi 36. Wiki ya 26, 36 na robo. Wiki ya 28, 36 na robo ile ile. Nikasema futi imevutika, maana hizi za plastiki ukiziacha dirishani juani zinavutika kweli, nikanunua nyingine ya buku, nikapima, 36 na robo. Nikamwambia mume wangu, akasema si afadhali, hutanenepa sana. Sikumjibu.

Kliniki wiki hiyo hiyo sista naye akatoa futi yake, akaiweka kwenye mfupa wa kinena akaivuta mpaka kilele cha mfuko wa uzazi, akaandika 24 kwenye kadi. Akanielewesha kwamba kuanzia miezi hiyo sentimita zinatakiwa zikaribiane na wiki, zikipishana mbili tatu sio neno, mi nilikuwa nimepungukiwa nne. Akauliza, "Una uhakika na tarehe zako lakini?" Bahati yangu nilipiga utrasaundi wiki ya 10 kwa sababu nilitokwa na damu kidogo, na tarehe ilikuwa imeandikwa pale kwenye kadi. Nasema bahati kwa sababu mtoto wa wiki 10 ni kama pini, wote wanatoka saizi moja, kwa hiyo umri wake unapatikana vizuri, wanakosea siku chache tu. Ukisubiri mpaka miezi saba ndo upige picha ya kwanza, mashine inakisia umri kwa ukubwa, sasa mtoto aliyedumaa itakwambia mimba ni changa kuliko ilivyo, basi, unarudi nyumbani unafurahi kwamba ulikosea tarehe.

Sista akaniandikia niende hospitali ya rufaa nikapigwe utrasaundi ya dopla, ile inayoangalia damu inavotiririka kwenye mishipa. Hilo neno dopla alilizungushia duara mara mbili. Na hapa ndo nilipoharibu.

Kuna mteja wangu mmoja, mwanamke mzuri tu sina ubaya naye, nilivomwelezea akasema rufaa utakaa foleni kutwa nzima, nenda pale kwenye kliniki binafsi fulani, wanapima kila kitu saa hiyo hiyo. Nikaenda. Jamaa wa koti jeupe akasoma kadi, akanibonyeza tumbo, akasema, "Mama, kondo lako la nyuma limechoka, tupime homoni tujue linafanya kazi kwa asilimia ngapi." Yaani jinsi alivoitamka ile asilimia ngapi, mi nikaona huyu ndo anajua. Kondo limechoka, linapimwa, linapewa asilimia kama betri ya simu. Nikatoa 130,000, hela ya oda mbili za sare ya harusi, nikatolewa damu, nikaambiwa nisubiri siku tatu.

Karatasi ikaja. Estradioli mshale chini. Projesteroni mshale chini. Pembeni kuna kiwango cha kawaida cha mjamzito wa miezi ya mwisho, namba ya juu yake ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya chini, sikuliona hilo wakati ule, niliona mishale tu. Nikapewa vidonge vya kupandisha homoni, nikaanza kumeza asubuhi na jioni, na kusema kweli nilijisikia vizuri, maana nilikuwa nimejua ugonjwa na nimepata dawa. Siku tano nimemeza. Ukijumlisha na zile tatu za kusubiri ni siku nane, dopla sijaenda.

Aliyenitoa kwenye ujinga ni shangazi yangu wa Tanga. Shangazi alikuwa nesi na mkunga, alienda kusomea Uingereza mwaka 1971 na alifanya kazi huko zaidi ya miaka kumi kabla ya kurudi. Nilimpigia kumsalimia tu, shikamoo, marahaba, habari za mimba, nikamwambia nimepima homoni za kondo, nzuri kabisa naendelea na dawa. Simu ikanyamaza. Nikadhani salio limekata.

Akasema, "Homoni za kondo? Mwanangu, hicho kitu mbona tulikiacha mimi bado naitwa sista?"

Halafu akanipa stori ya mikojo, na hii naieleza kirefu kwa sababu ndo iliyonifanya nielewe.

Wodi yao ya wajawazito, anasema, mwaka 1974 hivi, ilikuwa na rafu nzima ya machupa makubwa ya kahawia, kila chupa ina jina la mama. Wanawake waliohisiwa watoto hawakui, au wenye presha, au sukari, walikuwa wanalazwa kitandani, na kila tone la mkojo kwa masaa 24 linaingia kwenye chupa lake. Unaanza saa mbili asubuhi, ule wa kwanza unaumwaga, kuanzia hapo hakuna kumwaga mpaka kesho saa mbili, wa mwisho unaingia. Maabara wanapima estrioli. Ikishuka, madaktari wanaanza kukimbizana.

Estrioli yenyewe ni aina ya estrojeni, mimba ndo inaitoa kwa wingi, na walichoipendea ni kwamba mtoto na kondo wanaitengeneza kwa kushirikiana. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo za mtoto zinatoa malighafi, ini la mtoto linaibadilisha kidogo, kondo linaimalizia, inaingia kwenye damu ya mama, ini la mama linaifunga vizuri halafu inatoka kwa mkojo. Shangazi aliponieleza hivo nikamwambia hiyo ni kama karakana. Mmoja anakata, wa pili anashona, wa tatu anapiga ovaloki na vishikizo, dogo mmoja anabeba fuko anapeleka kwa mteja. Jioni mteja akisema nguo hazijafika, wewe utajuaje nani kazembea? Mkataji anaumwa, au ovaloki imekatika sindano, au dogo kapitia kwenye mpira? Shangazi akacheka sana, akasema ndo hivo hivo, na mara nyingi alikuwa ni dogo wa fuko.

Maana kwanza chupa. Mama anaenda chooni usiku na usingizi wake anasahau, chupa linakosa mkojo mmoja, maabara wanasema homoni imeshuka. Jumapili wageni wamejaa wodini, mama anaona aibu kubeba chupa mbele ya wakwe, anaenda kimya kimya, homoni imeshuka. Ilibidi wapime na kreatinini, taka ya mwili inayotoka karibu kiasi kile kile kila siku, humo humo kwenye mkojo kuona kama kweli ni wa siku nzima. Hata chupa likiwa kamili, namba ya Jumanne na ya Jumatano za mama yule yule aliye mzima zinapishana vibaya mno, kwa hiyo namba moja haikwambii kitu, inabidi uchore mstari wa siku nyingi, na mtoto anayedumaa hana siku nyingi.

Halafu dawa. Mama akipewa ampisilini kwa ajili ya UTI, estrioli kwenye mkojo inaanguka, mtoto hana tatizo lolote, ni kwamba wale bakteria wa utumbo wa mama wana kazi yao kwenye safari ya hiyo homoni na antibayotiki imewaua. Na zile sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ndo kabisa, zinazilaza tezi za mtoto zilizokuwa zinatoa malighafi. Fikiria hilo jamani. Umeona mtoto ana hali mbaya, unampa sindano za kumwandaa kutoka mapema, na sindano hizo hizo zinaishusha namba unayoitegemea kujua kama atoke. Shangazi anasema alikuwa akiona hivo anamwangalia daktari, daktari anaangalia dirishani.

Na akanipa kisa kimoja ambacho hakikumtoka. Mama mmoja estrioli yake ilikuwa karibu na sifuri, wiki nzima, machupa yamejaa vizuri tu. Kila mtu alijua mtoto anakufa. Wakamzalisha haraka. Likatoka dume linapiga kelele, uzito wa kawaida. Baada ya wiki kadhaa ngozi yake ikaanza kukauka na kutoa magamba magamba. Baadaye ikajulikana kuna watoto wa kiume wanazaliwa wamekosa kimeng'enya kimoja tu, hata kwenye kondo hakipo, ndo maana homoni haikamiliki, lakini kondo linamlisha mtoto vizuri kabisa, ugonjwa wao ni wa ngozi. Shangazi anasema, "Yule mama alipasuliwa kwa sababu ya ngozi."

Kulikuwa na nyingine pia, laktojeni ya kondo, hii ilikuwa afadhali kidogo kwa sababu inapimwa kwenye damu na inatoka kwenye kondo moja kwa moja, ila inakwambia zaidi kondo ni kubwa kiasi gani, haikwambii mtoto leo yukoje. Nayo ikaachwa. Kufika miaka ya themanini machupa yalikuwa yameondolewa, siku moja kaja kazini rafu ipo tupu, hakuna aliyetangaza.

Baadaye nilipoingia mwenyewe kwenye simu kusoma nikakuta kwamba katika kazi yote ile ya miaka na miaka, utafiti uliowagawa kina mama makundi mawili, hawa daktari aone majibu ya estrioli, hawa afichwe, ulioingia kwenye mapitio ya Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzichambua kwa pamoja, ni mmoja tu, wanawake 622, na wenyewe haukufanywa vizuri, waliwagawa kwa namba za faili. Watoto waliokufa hawakupungua kwa maana ya kueleweka upande ule ambao madaktari walikuwa wanaona majibu. Mmoja tu! Na mikojo yote ile iliyobebwa.

Lakini hiyo nilisoma baadaye. Siku ile kwenye simu shangazi aliniuliza kitu kimoja, "Sasa hao waliokupima, wamekwambia namba ikiwa hivi wafanye nini, ikiwa vile wafanye nini?" Nikasema wamenipa vidonge. Akasema, "Vidonge vinaenda kufanya nini kwenye kondo?" Sikuwa na jibu. Akanielezea habari ya Marekani, kuanzia miaka ya 1940 huko, kulikuwa na wataalamu pale Boston waliamini homoni zikishuka mimba inaharibika, basi ukimjazia mama homoni mimba itanawiri, wakawa wanawapa wajawazito estrojeni ya kutengenezwa inaitwa DES. Mwaka 1953 Chicago wakaijaribu kwa utaratibu, nusu wanapewa dawa, nusu vidonge vitupu, haikusaidia kitu. Waliendelea kuitoa. Mpaka 1971 ndo ikaonekana mabinti waliokuwa tumboni wakati mama zao wanameza wanapata kansa ya uke, mabinti wadogo wa miaka kumi na kitu, ishirini. Shangazi alianza masomo mwaka huo huo, anasema walifundishwa kama onyo.

Akaniambia vidonge vyangu sio DES, projesteroni ina watu wake, mwenye shingo ya kizazi fupi, mwenye kutokwa na damu na historia ya kuharibikiwa, sasa nisije nikamtisha mtu. Ila hailishi mtoto. "Namba itapanda kwa sababu umeimeza, mtoto yuko pale pale. Kesho asubuhi uko kwenye dopla, usinipigie kabla hujatoka huko."

Nikapanda gari ya saa kumi na moja alfajiri.

Chumba cha utrasaundi ni giza, feni, jeli ya baridi. Daktari alikuwa mdada mdogo, namzidi umri nadhani, ila mkono wake ulikuwa umetulia kama wa fundi mzoefu. Kwanza akampima mtoto kichwa, tumbo, paja, mashine ikapiga hesabu: gramu 890. Wiki 29 na siku moja. Akasema tukipanga watoto mia wa umri huu kwenye mstari, wako ni kati ya watatu wa mwisho. Kichwa kilikuwa karibu na kawaida, tumbo ndo dogo, maana mtoto mwenye njaa anapeleka damu kwenye ubongo kwanza, ini halipati akiba, tumbo linasinyaa. Nikaikumbuka 36 na robo.

Halafu akabonyeza kitu, chumba kikajaa sauti. Shoo, shoo, shoo, kama mtu anafagia uani kwa haraka. Ile ni damu ya mtoto kwenye mshipa wa kitovu inaenda kwenye kondo. Akanigeuzia skrini, kuna milima milima inapita. Kila mlima ni pigo la moyo. Akaniambia usiangalie milima, angalia bonde. Moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo, damu inatakiwa iendelee kutiririka mbele kwa sababu kondo zima ni laini, linapokea tu, bonde linajaa. Kondo likiwa na mishipa iliyobana na iliyoziba, damu inagonga ukuta, bonde linapungua, likizidi linakauka kabisa, na likizidi zaidi damu inarudi nyuma. Langu bonde lilikuwepo, ila limekwenda chini sana.

Nikamtolea karatasi yangu ya homoni. Nilikuwa nimeikunja ndani ya kadi. Akaisoma, akaigeuza nyuma kwenye weupe, akachukua kalamu akanichorea milima mitatu, wa kwanza una bonde lililojaa, wa pili bonde kavu, wa tatu bonde limechimbika kwenda chini ya mstari. Akaweka alama ya vema kati ya wa kwanza na wa pili. "Uko hapa. Tukifika hapa unalala hapa kwetu. Tukifika hapa hatusubiri." Hayo ndo majibu aliyokuwa anayataka shangazi, likiwa hivi tunafanya hivi. Sikuongea tena habari ya homoni na yeye hakuniuliza nilitoa shilingi ngapi, namshukuru kwa hilo.

Akaanza maswali. SP za malaria nimemeza mara ngapi, maana malaria inajificha ndani ya kondo na mama unatembea vizuri tu. Mara mbili. Wingi wa damu, 9.8. Kaswende hamna, sigara hamna, presha 138 kwa 88, hiyo akaipima tena. Vile vidonge akasema acha. Akaniambia nihesabu mtoto anavocheza, na siku akitulia tofauti na kawaida yake nisisubiri kesho. Dopla kila wiki, ila uzito asingeupima tena mpaka wiki mbili zipite, kwa sababu mashine yenyewe inaweza kukosea sehemu moja ya kumi na zaidi, ukipima kila siku tatu unapima makosa ya mashine. Hilo nililielewa bila maelezo, hata mi mteja nikimpima leo na kesho kiuno kinapishana nusu inchi na hajala kitu.

Hicho kipindi cha kusubiri sikielezei sana. Nilishona. Watu wanashauri. Mmoja akaniambia kuna dawa ya nguvu za kiume inafungua mishipa ya kondo, mume wangu akanunue duka la dawa, nikampelekea shangazi sauti, akanijibu kwamba Waholanzi walikuwa wanaijaribu kwenye watoto kama wangu na mwaka 2018 wakasimamisha utafiti katikati kwa sababu watoto walikuwa wanapata shida ya mapafu na wengine wanakufa. Akamalizia, "Na mwambie huyo anayekushauri aimeze yeye." Binamu yangu, binti wa shangazi, yuko London, naye akasema mbona yeye alipimwa damu ya kondo ujauzito wake wa pili. Ikabidi tufuatilie. Kumbe ni kitu kingine, inaitwa PlGF, sio homoni za zamani, ni protini ya kondo inayokuza mishipa, kwao inatumika mama akihisiwa presha ya mimba kabla ya wiki 37, kusaidia kujua kama ni yenyewe au sio. Binamu alikuwa na presha. Na hata yeye, kumwangalia mtoto walimrudisha kwenye dopla.

Wiki ya 31 na siku moja: gramu 1,050. Ameongeza 160 kwa wiki mbili, na watoto wa umri huo wanaongeza karibu hivo kwa wiki moja. Bonde kavu. Sauti nayo ilikuwa imebadilika, shoo, kimya, shoo, kimya. Nililisikia kabla hajasema. Nikalazwa siku hiyo hiyo, sikwenda hata kufunga kibanda.

Sindano za mapafu nne, kila masaa 12, deksamethasoni. Nikiwa nachomwa ya tatu nikamkumbuka shangazi na rafu yake, nikacheka peke yangu, nesi akaniuliza kulikoni, nikasema zamani hapa homoni yangu ingeshuka mngekimbia wote. Hakuelewa. Mashine ya mapigo ya moyo wa mtoto nilikuwa nafungwa mara mbili kwa siku. Siku ya tisa usiku mapigo yakaanza kuteremka na kupanda, wakaniangalia nusu saa, yakateremka tena, nikaingia chumba cha upasuaji. Wiki 32 na siku tatu, gramu 1,120, wa kike, alilia sauti kama ya paka aliyefungiwa kabatini.

Mama mkwe alikuja asubuhi na kindoo chenye mfuniko kuchukua kondo akalizike, kwao ni lazima. Nikaomba nilione kwanza. Mkunga akavaa glavu akaliweka kwenye beseni akanigeuzia. Mi nilikuwa nategemea kitu kikubwa, kwa maneno yote yale. Lilikuwa dogo kama chapati ya mtoto, alilipima gramu 210, akasema la mimba iliyotimia linafika nusu kilo hivi, na lilikuwa na mabaka meupe magumu, ukiyabonyeza ni kama ukoko wa wali. Akanionyesha kwa kidole, hapa limekufa zamani, hapa limekufa karibuni, hapa ndo kalikuwa kanakula. Hapa penyewe palikuwa kama kiganja changu. Mama mkwe akaangalia akasema maskini, limejitahidi. Akalifunika.

Nilivobeba mimba ya pili dokta alinianzishia asprini ndogo wiki ya 12, kila usiku, na dopla ikapangwa tangu mapema. Zile siku nane bado zinanikaa. Niliwahi kumuuliza daktari kama zilimgharimu kitu binti yangu, akasema bonde lilikuwepo wakati ule, wasingemtoa hata ningeenda siku ya kwanza. Nikamuuliza na kama lisingekuwepo? Akasema basi tungekuwa tunaongea mengine.

Binti alikaa kifuani kwangu kwa kangaruu siku 26. Kofia ndo ilikuwa tabu, njiti lazima avae kofia, kichwa ndo kinapoteza joto, na hakuna duka linauza kofia ya kichwa cha sentimita 28, zote zinamshuka mpaka mdomoni. Nikamtuma mume wangu mkasi, sindano na vipande vya fulana. Pateni nitakatia nini, sina karatasi, ninayo ile moja ndani ya kadi. Nikapima kichwa kwa futi, nikachora nusu duara na pindo, nikakata. Upande mmoja umebaki mshale wa projesteroni, ule wa estradioli ulikwenda na mkasi, upande wa pili kuna milima miwili na nusu. Nimeshona kofia kumi na moja wodini mle, wamama wengine walikuwa wananipa vipande vya khanga.

Pateni iko msumarini na zingine, kati ya kola ya shati na mkono wa blauzi. Wateja wanadhani ni ya mdoli.